Kiini cha Kisa: Tahakiki ya Sentensi Moja ya Mswada wa Filamu

Mtayarishaji wa filamu, kabla hajakubali kuusoma mswada, humtaka mwandishi aeleze kisa chake kwa sentensi moja. Mwandishi aliyeko Ujiji anaweza kukataliwa na msomaji aliyeko Dar es Salaam kwa sababu ya sentensi hiyo tu, kurasa mia za mswada wake zikabaki bila kufunguliwa. Walimu na maofisa utamaduni huombwa mara kwa mara waitolee maoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro zake nyingi ni kasoro za lugha, na kwa hiyo zinatuhusu sisi.

Jina lake

Wako wanaoiita muhtasari. Jina hilo halifai, kwa kuwa muhtasari husimulia yote hadi mwisho, na sentensi hii haisemi mwisho. Wengine huiita kaulimbiu. Lakini kaulimbiu hubandikwa kwenye tangazo ili kuwavuta watazamaji, wala haisimulii kitu. Sisi tunapendekeza kiini cha kisa. Neno kisa katika Kiswahili lina maana mbili: hadithi, na pia sababu ya jambo. Sentensi tunayoizungumzia haina budi kubeba maana zote mbili.

Mfano wa kwanza

Tuchukue mfano tuliojitungia, unaofanana na mingi tuliyopata kuisoma:

“Hii ni filamu ya kutisha kuhusu kijana ambaye anajikuta katika mazingira magumu ambayo yanabadilisha maisha yake milele.”

Ondoa neno kutisha, uweke mapenzi au upelelezi, na sentensi itasimama vile vile. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Dalili ya pili ni kitenzi anajikuta. Kitenzi hiki kimezoeleka mno, nacho hakimtwishi mhusika tendo lolote: hatafuti, hakimbii, hakatai. Dalili ya tatu ni ambaye na ambayo, zinazofuatana kama mabehewa bila kichwa cha treni.

Mhakiki anayeandika pembeni “haieleweki” hajamsaidia mtu. Wala asimwandikie mwandishi kisa kingine. Kazi yake ni kuuliza: Kijana gani, na wa wapi? Anataka nini? Nini kinamzuia? Kinachotisha ni kitu gani hasa? Mwandishi akiyajibu maswali hayo, huenda akaleta sentensi kama hii:

“Usiku wa giza, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi anaiona karabai ya kaka yake aliyezama ikiwaka ziwani, kila anapoifuata anarudi na mtumbwi uliojaa, na mmoja wa wenzake harudi.”

Neno kutisha halimo, na sentensi inatisha. Mkazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa hufuata mwanga wa taa. Hapa aina ya filamu imetokana na kazi ya watu wa mahali hapo, haikubandikwa juu kama lebo.

Nani kiima?

Filamu ya kusisimua ijulikanayo zaidi ulimwenguni kati ya zile zilizochota kisa chake katika ziwa hili ni The African Queen, iliyoongozwa na John Huston mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Kiini chake ni hiki: nahodha mlevi wa mashua chakavu na dada wa mmisionari wanateremka mto wa hatari ili waizamishe meli ya Wajerumani iliyoko ziwani. Kwa muundo, sentensi hiyo haina dosari. Kiima kipo, tendo lipo, kizuizi kipo. Lakini wenyeji wa ziwa hawamo.

Historia yenyewe ilikuwa hivi. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo grisi ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwandishi wa Kigoma angeweza kuanzia hapo, akabuni mhusika wake:

“Mwaka 1916, fundi aliyeiunga meli ya wakoloni anaamriwa aizamishe kabla adui hajaingia Kigoma, ana usiku mmoja wa kuamua kama ataizika au ataificha.”

Hali ya kutendwa katika anaamriwa si kosa, maana inataja kizuizi. Uamuzi umebaki kwa fundi. Ujiji, kwa upande wake, inajulikana duniani kwa salamu ya mgeni kwa mgeni mwenzake, Stanley na Livingstone, mwaka 1871. Wenyeji waliokuwapo hawana kitenzi katika sentensi hiyo hata leo.

Urefu

Vitabu vya Kiingereza hufundisha kwamba sentensi hii isizidi maneno ishirini na tano au thelathini. Kanuni hiyo haifai kutafsiriwa kama ilivyo. Neno letu moja, aliyeiunga, lina mtenda, wakati, urejeshi, mtendwa na tendo. Tukihesabu maneno tutajidanganya. Kipimo kinachotufaa ni pumzi: isomwe kwa sauti, na msomaji aimalize bila kutweta.

Hitimisho

Tunawashauri wanaotoa maoni wafuate utaratibu huu: kwanza watafute kiima, kisha kitenzi, kisha kizuizi, na mwisho wajiulize kama aina ya filamu inajitokeza bila kutajwa. Kuhusu istilahi, tunawakaribisha wasomaji waipime kiini cha kisa, na mwenye pendekezo lililo bora atuandikie.