RIDHAA, IDHINI NA RUHUSA

Miongoni mwa tafsiri zilizopata kuletwa kwetu ili zikaguliwe ni fomu ya hospitali moja, ile ambayo mgonjwa huitia sahihi kabla ya kupasuliwa. Kichwa chake ni "Kibali cha Upasuaji". Aya ya kwanza yasema kwamba mgonjwa "ametoa ruhusa". Aya ya pili, kwamba "amekubali matokeo yote". Na chini, penye nafasi ya sahihi, pameandikwa "idhini ya mgonjwa au mume". Hayo ni maneno manne mahali ambapo Kiingereza kilikuwa na neno moja tu, consent. Mfasiri hakupungukiwa na maneno. Lililompotea ni mipaka ya maneno hayo.

Hatuandiki haya kwa kumcheka. Kiswahili chake ni fasaha. Twaandika kwa sababu atiaye sahihi ni mtu aliyelala kitandani, na kosa la istilahi humwangukia yeye.

Tuanze na ruhusa. Hili hutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa aliye chini yake: mwanafunzi huomba ruhusa kwa mwalimu, mtumishi kwa mkuu wake wa kazi. Tena wodini neno hili lina maana yake mahususi: mgonjwa "aliyepewa ruhusa" ni yule anayerudi nyumbani. Basi asomaye habari za ruhusa katika fomu ya upasuaji aweza kudhani kwamba daktari ndiye aliyekwisha kuruhusu, na kwamba yeye kazi yake ni kuweka sahihi tu.

Kibali, katika matumizi ya ofisini, ni ruhusa iliyoandikwa: kibali cha ujenzi, kibali cha kuvuna miti. Idhini hutolewa na mwenye dhamana juu ya jambo au juu ya mtu, mathalani mzazi juu ya mtoto wake. Kukubali nako ni kupana mno. Mtu hukubali zawadi, hukubali kosa, hukubali kushindwa. Aliyeandikiwa kwamba "amekubali matokeo yote" aweza kuamini kuwa amejifungia mlango wa kulalamika hata akitendewa uzembe.

Limebaki ridhaa. Shina lake, lenye asili ya Kiarabu, ndilo lililotupa radhi, kuridhia na kuridhika. Ridhaa haishuki kutoka juu. Hutoka ndani ya mtu mwenyewe kwa jambo limhusulo yeye, yaani mwili wake, mali yake au siri yake. Kweli, mtu husema "amelima shamba langu bila ruhusa yangu", na pia "bila ridhaa yangu". Katika kauli ya kwanza anadai mamlaka yake juu ya shamba. Katika ya pili anasema kwamba moyo wake haukushirikishwa.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitaka kila mmoja wa wanaooana atoe ridhaa yake kwa hiari. Papo hapo ilitaka msichana ambaye hajatimiza miaka 18 apate idhini ya mzazi. Kiingereza kiliyaita mambo hayo mawili kwa jina moja. Kiswahili kina majina mawili, na ayachanganyaye humfanya mzazi aonekane amekubali kwa niaba ya binti. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo.

Kadhalika, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 huhesabu kuwa ni kubaka hata pale mwanamke alipokubali, ikiwa kukubali huko kulipatikana kwa nguvu au vitisho. Shahidi akiulizwa, "Ulikubali?" naye akajibu, "Nilikubali, alikuwa na panga", jibu lake halijipingi. Alikubali, hakuridhia. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na kwa hiyo karani aandikaye jibu hilo hana budi kuijua tofauti hiyo.

Yupo atakayesema kwamba watu mitaani hawalitaji neno ridhaa. Husema "sawa", husema "haya", au hunyamaza. Ni kweli. Lakini "haya" ya aliyefurahi si "haya" ya aliyechoka kubishana, ingawa herufi ni zile zile. Na washikao kwamba kunyamaza ni kuridhia wakumbuke kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kuwa mazungumzo huiacha ridhaa bila jina, maandishi hayana budi kuitaja kwa jina lake.

Kwa hiyo twapendekeza: ridhaa itumike kwa mtu mzima juu ya nafsi yake na kilicho chake, idhini, kwa mwenye dhamana ya kisheria juu ya mwingine au juu ya jambo, ruhusa, kwa mamlaka ya kila siku, na kibali, kwa hati. Fomu tuliyoitaja ingeitwa "Ridhaa ya Kupasuliwa", na maneno "au mume" yangefutwa, kwani hakuna awezaye kuridhia kwa moyo wa mwenzake. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Neno lenye kuibeba hiari hiyo tunalo tayari. Wafasiri na walimu wenye mifano iliyo kinyume na haya watuletee.