Pongezi kwa Muuza Rangi wa Paris

Wanaposifiwa wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, waliotoka vyumbani wakalifuata jua mashambani, ni nadra kutajwa Julien Tanguy, muuza rangi wa mtaa wa Clauzel mjini Paris, ambaye, ilhali matajiri wa sanaa wakiwadharau, yeye aliwakopesha rangi na turubai, akaridhia kulipwa kwa picha zisizokuwa na mnunuzi. Aliyetamani kuziona kazi za Cézanne zama hizo alilazimika kwenda dukani kwake. Van Gogh alimchora mwaka 1887: kofia kichwani, viganja vimefumbatana, na nyuma yake ukuta mzima umejaa picha za Kijapani. Tanguy alifariki mwaka 1894, fukara. Nami naona insafu haijamfikia bado.