Bustani za Spencer si za kutafutia unga tu

Kuna kasumba miongoni mwa wahakiki kwamba msanii akishaidunisha kazi yake mwenyewe, basi mjadala umekwisha. Mimi siafiki. Hebu tumtazame Stanley Spencer, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Cookham, kando ya Mto Thames.

Katika miaka ya 1930, Spencer alichora bustani nyingi za kijiji hicho. Zilinunulika upesi, naye alikuwa na madeni. Hata hivyo, alizionea kero kwa kuwa zilimlia muda wa picha zake kubwa za watu na dini. Baadhi ya wahakiki wakalidaka neno hilo: eti hizi ni picha za kutafutia unga tu!

Sasa, msomaji, itazame 'Gardens in the Pound, Cookham' ya mwaka 1936. Je, anayelipua kazi huhangaika na majani na maua kwa makini namna ile?

Isitoshe, Spencer alitoka vitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu hospitalini Bristol, kisha Macedonia. Kakake, Sydney, aliuawa mwaka 1918. Kati ya 1927 na 1932, alipopamba kuta za kanisa dogo la kumbukumbu ya vita huko Burghclere, hakuchora mashujaa wakifyatua bunduki. Alichora askari wakisugua sakafu, wakipanga nguo za dobi, wakila mkate. Kwake, kazi ndogondogo ndizo zilizomrejeshea mtu utu wake. Bustani zinaendeleza dhamira iyo hiyo. Aghalabu hamna mtu ndani yake, ila mikono iliyopalilia na kupogoa tunaihisi.

Yupo atakayeuliza: mbona mwaka huohuo wa 1936 wanaume wapatao 200 walitembea kwa miguu kutoka Jarrow hadi London kudai ajira, na bustani hizi hazina habari nao? Swali hilo ni zito, na sidhani kwamba Spencer analikwepa bila lawama. Lakini huwezi kumuuliza hivyo ikiwa tayari umeitupa picha yake kapuni.

Ndiyo maana nasisitiza kuwa kauli ya msanii kuhusu kazi yake ni ushahidi mmoja tu. Hukumu tuitoe baada ya kuitazama kazi yenyewe.