Mbiti Aliiacha Kesho

John Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayajengea falsafa nzima. Kitabu ni African Religions and Philosophy cha 1969. Hoja yake kwa ufupi: kwa Mwafrika wa jadi, wakati ni matukio. Lisilotokea bado si wakati hasa. Nyuma kuna Zamani isiyo na mwisho, hapa tulipo kuna Sasa, na mbele ni miezi sita hivi, ukivuta sana miaka miwili. Ushahidi? Vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu.

Mimi nimelelewa Nyamira kwa wakulima wa chai, na hapo ndipo tunapokosana na mzee.

Mche wa chai hukaa shambani kama miaka mitatu kabla uanze kuuchuma vizuri. Anayeupanda tayari amempita Mbiti. Halafu kuna bonasi. Kila mwezi mkulima hulipwa kidogo kwa kilo alizopeleka, na pesa kubwa hungoja mpaka kama Oktoba, baada ya hesabu za mwaka zinazofungwa Juni. Pesa hiyo haijatokea, lakini uliza mwenye duka: ameshakopesha unga na sukari juu yake. Mabati yameshahesabiwa. Karo yangu ya chuo pia ilikuwa humo ndani. Mwaka mmoja bonasi ikaja ndogo, nikarudi nyumbani na semesta tatu tu. Kitu ambacho ati hakijawa wakati ndicho kilichonitoa darasani, bana.

Lakini tusimwonee. Anapoandika juu ya wafu walio hai, wale ambao bado kuna mtu wa kuwakumbuka kwa jina, anaingia kwetu kabisa. Huku Gusii kaburi liko nyumbani, karibu na migomba, na shamba likigawanywa tena (na yamegawanywa mpaka basi) watu wanapima mpaka wakimzunguka babu. Babu yuko ndani ya Sasa. Na anaposema mtu aliyekaa tu hapotezi wakati, anaungoja, keti ndani ya matatu pale Keroka ukisubiri ijae. Utamwelewa bila profesa.

Mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa Kiakan, akionyesha lugha hiyo ina wakati ujao wa mbali. Hata hakukuwa na haja ya kufika Ghana. Kiswahili kile kile kilichompa Mbiti sasa na zamani kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Aliyapita tu.

Mtetezi wake atasema chai ililetwa na mkoloni, na kweli Mbiti aliandika kwamba elimu ya kizungu na Ukristo ndivyo vilivyofungua mbele. Sawa. Lakini wimbi lilikuwa likiwekwa ghalani hapa kabla ya mche wa kwanza wa chai, na hakuna anayejaza ghala kwa ajili ya jana.

Kisome tu. Wakati uko sura ya tatu, na si ndefu.