Sindano Mwisho

Helikopta ndogo ya rimoti iko juu ya meza, pua imeelekea mlangoni, na fundi mzee hajaigusa bado. Anamsikiliza mwenyewe. Kijana anasema injini inawaka bila taabu, inapaa vizuri, na mwanzo wa safari haina kasoro yoyote. Lakini tangi likifika nusu, sauti inapanda bila kuamrishwa, moshi unakatika, kisha kimya. Safari ya mwisho aliiokoa kwa kulaza mapanga haraka, yakaendelea kuzungushwa na upepo wa kushukia mpaka chini. Plagi ameshabadilisha. Mafuta ameshabadilisha. Sindano ya kabureta amekuwa akiifungua robo mzunguko baada ya robo.

"Inazima wakati gani wa siku?" fundi anauliza.

"Wakati wowote, ami. Asubuhi, jioni, hata jua kali."

Hapa Maskati swali hilo lina uzito. Hewa ya joto ni nyepesi, oksijeni yake kidogo, kwa hiyo injini iliyopatanishwa na hewa ya alfajiri hulemewa na mafuta ikifika adhuhuri. Kasoro ingekuwa inafuata jua, sindano ingeshukiwa. Hii inafuata tangi. Mzee anachukua kitambaa, anafuta mikono ambayo haijachafuka, anavuta kiti.

Vijana wengi siku hizi wanarusha helikopta za betri, ambazo zikikataa unabadilisha kifaa na kuondoka. Hii ni ya mafuta. Injini yake, ya sentimita nane hivi za ujazo, inaenea kiganjani, na ikichemka huzunguka kiasi cha mara 16,000 kwa dakika. Gia huipunguza kasi hiyo hadi isiyofika 2,000 kwenye mapanga yenye urefu wa sentimita 60 kila moja. Plagi yake haitoi cheche. Ndani yake mna waya mwembamba wenye platini, unaopashwa kwa betri ya volti moja na nusu wakati wa kuwasha tu. Betri ikiondolewa, joto la mwako na methanoli inayogusana na platini huuweka waya ukiwaka wenyewe. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeiingiza plagi ya namna hii sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940, na mpaka leo haijapata mpinzani wa maana katika injini ndogo. Mafuta yenyewe ni methanoli, nitromethani kidogo, na oili inayokaribia sehemu moja ya tano. Oili haina njia nyingine ya kuingia. Injini ikikosa mafuta inakosa na ulainisho papo hapo, ndiyo maana kuzima angani ni hasara ndogo kuliko kuendelea kuunguruma ikiwa kavu.

Anaanza na plagi. Anaifungua, anaigeuza chini ya kioo cha kukuzia, na hasemi kitu kwa muda. Nyuzi zake zimelowa oili, dalili ya mafuta mengi. Waya wa ndani umepoteza mng'ao na umejikunja upande mmoja, dalili ya joto kali, yaani mafuta machache. Plagi ni moja na ushahidi ni wa aina mbili. Mtu mwenye haraka angechagua ushahidi mmoja akasonga mbele. Yeye anaiweka juu ya karatasi nyeupe, pembeni, asiipoteze.

Plagi ikiwa nje, anazungusha injini kwa vidole akisikiliza beringi ya nyuma. Haikwaruzi. Anapitisha kitambaa kwenye kifuniko cha nyuma na shingo ya kabureta, maana methanoli hukauka lakini oili hubaki, na penye tundu huacha alama. Hamna alama. Analitoa tangi, anaziba mpira mmoja, anapuliza kwenye mwingine, na kulizamisha katika beseni la maji. Analigeuza upande huu, upande ule, anabinya kila kiungo. Hakuna kipovu hata kimoja.

"Basi tangi zima," kijana anasema.

"Nje ni zima," mzee anajibu.

Wanalirudisha tangi pamoja na plagi, wanalijaza, wanaitoa helikopta uani na kuiwasha kwa stata ya mkono. Injini ikiunguruma polepole klachi bado haijashika, kwa hiyo anaweza kukamata kichwa cha mapanga kwa mkono wa kushoto bila hatari. Wa kulia hauna kazi. Anachokitazama ni mpira unaotoka tangini kwenda kwenye kabureta, mpira wa silikoni unaopitisha mwanga. Mafuta yanapita laini. Dakika zinakwenda. Mtu asiyejua angedhani mzee amesahau alichokusudia. Ujazo unashuka, unakaribia nusu, na kijipovu kinapita kwenye mpira. Kisha kingine. Vinafuatana, vikubwa, vimepishana kwa nafasi sawa. Povu la mtikisiko lingekuwa vitone vidogo vidogo visivyo na mpango. Anabinya mpira kwa vidole viwili, na injini inakufa palepale bila kupanda sauti kwanza. Ingekuwa imeshiba, ingepandisha sauti kabla ya kuzima.

Sasa anakwenda moja kwa moja. Ndani ya tangi mna mpira mwingine, laini, unaoning'inia kutoka kwenye chuchu ya tangi, na ncha yake ina kizito cha shaba kinachofuata mafuta kila helikopta inapoinama. Anauchomoa kwa koleo nyembamba, anaukunja taratibu kwenye kidole, sentimita kwa sentimita. Karibu na chuchu unafunguka mpasuko usiozidi unene wa ukucha. Ukinyooka, mpasuko haupo. Ndio uliokuwa ukifunikwa na mafuta tangi likijaa, ukanywa mafuta kama mdomo halali. Mafuta yakishuka chini yake, ukanywa hewa. Maji ya beseni hayangeuonyesha, kwa sababu hauvujishi kitu nje. Na kijana, kwa kufungua sindano, aliilowesha injini nusu ya kwanza ya kila safari bila kuinusuru nusu ya pili. Ule ushahidi wa plagi ulikuwa kweli wote.

Anakata mpira mpya. Urefu anaupima kwa makini, maana ukiwa mrefu kizito kinakwama kwenye ukuta wa tangi, na ukiwa mfupi hakifiki pembe ya nyuma. Anatikisa tangi karibu na sikio na kusikia kizito kikigonga huru kila upande. Anatia plagi mpya.

Hapo ndipo bisibisi ndogo inapotoka mfukoni. Anaifunga sindano kubwa taratibu mpaka inagusa, bila kuikaza, kisha anaifungua mizunguko miwili akihesabu kwa sauti ili kijana asikie. Helikopta inapaa, inatulia usawa wa kifua, inashuka. Anaweka kidole kwenye kifuniko cha nyuma cha injini na kukiacha pale kwa utulivu. Kifuniko kingekuwa hakivumiliki kwa joto, mafuta yangekuwa machache. Moshi ni mzito kidogo. Anapunguza sindano kwa upana wa alama moja, wanairusha tena, anapunguza alama nyingine. Sasa nyuma ya mkia unabaki utepe mweupe mwembamba kama wa ubani, na sauti imekaza bila kulia. Anaacha hapo, ingawa kijana anaona bado kuna nguvu ya kuchuma.

Tangi linalofuata wanalimaliza lote angani. Mzee hatazami michezo ya kijana, anatazama moshi, na moshi haukatiki mpaka amri ya kutua.

Kazi bado haijaisha. Anavuta mafuta yaliyosalia kwa bomba la sindano, anaiwasha injini mpaka ikauke, anadondosha oili ya mashine kwenye kabureta na kuizungusha kwa mkono. Methanoli hunywa unyevu wa hewani, na mafuta yakilazwa ndani ya injini usiku kucha, beringi ya nyuma huanza kushika kutu. Anamwonyesha kijana, kisha anamwambia arudie mwenyewe.