Pongezi kwa wachoma mishikaki wa Mkapa

Siku ya Simba na Yanga, mashabiki hufika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, saa nyingi kabla ya filimbi. Uwanja unachukua watu 60,000, na njaa haisubiri dakika 90. Wanaowalisha ni mama lishe, wauza karanga na maji, na zaidi ya wote wachoma mishikaki. Nawapongeza kwa moyo wote.

Mtazame mmoja akiwa kazini. Nyama imelala kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tangu asubuhi. Anapepea mkaa kwa kipande cha boksi, anageuza vijiti kwa vidole, kilichoungua anakiweka kando. Unachagua mwenyewe, unapewa kachumbari na pilipili juu yake, unalipa. Akizidisha bei, jiko jingine liko hatua mbili mbele, naye anajua. Ndiyo maana mwenye kipato kidogo naye anaingia uwanjani ameshiba.

Mwaka 2017, Uwanja wa Mercedes-Benz wa Atlanta, Marekani, ulisifiwa sana kwa kuuza soseji ndani ya mkate kwa dola 2, kwa sababu ndani ya viwanja vingi vya huko mteja hana pa kukimbilia. Sisi nafuu hiyo tunayo hapo nje ya geti.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON. Wasimamizi wa viwanja, wageni wakija, tafadhali msiwafukuze wauzaji hawa. Wapeni maji safi, kivuli na mahali pa kuuzia.