Sista Anapouliza

Katika kliniki za CTC nchini Tanzania, zinazohudumia watu wanaoishi na VVU, kazi ninayoistahi kuliko zote hufanyika kabla dawa haijatolewa. Muuguzi anapokea kadi, anafungua faili, kisha anamimina vidonge vilivyobaki kwenye sahani na kuvihesabu vitano vitano. TLD, kidonge cha ARV cha kupunguza makali ya virusi, humezwa kimoja kwa siku, kwa hiyo vilivyozidi ni siku zilizorukwa. Tatizo ni kwamba anayeogopa kufokewa huvitupa chooni alfajiri ya kliniki, na chupa yake hufika na hesabu safi kabisa.

Muuguzi mzoefu analijua hilo, basi nguvu zake anazipeleka kwenye swali. Akiuliza "Unameza dawa vizuri?" atajibiwa "Ndiyo, sista" na mambo yataishia hapo. Yeye husema: "Mama, watu wengi hupitiwa siku moja moja. Wiki hii wewe umepitiwa mara ngapi?" Halafu anaweka kalamu chini na kunyamaza, foleni ikiwa imejaa benchi zote za nje. Kunyamaza huko kunahitaji moyo.

Ndipo yanapotoka: mume hajaambiwa, wageni wa msiba wamelala chumbani na kidonge hakikumezeka mbele yao, zamu ya usiku imevuruga saa ya kumeza. Wanapanga pamoja. Vidonge vya siku chache vihamie kwenye kikopo kingine, saa isogezwe hadi asubuhi baada ya zamu. Muuguzi anaandika mstari mmoja kwenye faili, ili ziara ijayo aanze kwa kuuliza kama wageni wameshaondoka.

ARV zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na siku hizi mgonjwa aliyetulia huweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ni nafuu kubwa ya nauli, ila yeye na muuguzi wanaonana mara chache, kwa hiyo kila dakika ya mezani ina uzito. Ndiyo maana huniuma muuguzi wa aina hii anapohamishwa ovyo ovyo: faili hubaki kabatini, lakini mgonjwa anaanza upya kumpima mgeni.

Mahali walipozoeana, mgonjwa huketi na kusema mwenyewe, "Sista, nimeruka siku nne." Tatizo linashughulikiwa asubuhi ileile, bila kungoja kipimo cha mwaka kije kuonyesha kwamba virusi vimepanda.